Goli Nililolishangilia Msibani

Kuna mambo mtu ukiyasimulia unakuwa umejivua nguo mwenyewe, lakini kwa kuwa pale Kahama wapo wanaoyasimulia kwa niaba yangu, tena kwa chumvi kilo nzima, bora niyaseme kwa mdomo wangu: mimi ndiye yule mtu aliyeshangilia goli msibani, na jeneza lilikuwa bado liko uani.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa na duka dogo la vipuri vya baiskeli, na mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa anahama mji akaniuzia dishi lake, lile kubwa la wavu, pamoja na risiva yake. Watu walidhani dishi ni la picha tu, kumbe ile risiva inakamata na redio, idhaa za nje zinasikika safi kama mtangazaji amekaa jikoni kwako. Juu ya hayo yule bwana akaniongezea hedifoni zisizo na waya. Kuna kisanduku kidogo unakichomeka kwenye redio kubwa sebuleni, spika zinanyamaza, sauti inarushwa hewani, wewe unavaa hedifoni zako unakwenda uani, hata chooni, unaisikiliza dunia. (Mke wangu, Mama Kulwa, alisema nikizivaa nafanana na ng'ombe aliyefungwa nira. Nilimsamehe.)

Dishi hilo ndilo lililonigombanisha na jirani yangu, Mzee Ng'wandu, mchuuzi wa ng'ombe, aliyeshikilia kwamba sufuria langu linachungulia choo chake. Nikamweleza habari za setilaiti, akasema, "Basi hiyo satalaiti ichungulie choo chako." Tukanuniana. Miezi miwili hatusalimiani, yeye upande wake wa uzio wa minyaa, mimi upande wangu, mpaka akaugua ghafla na kufariki.

Sasa msiba ni msiba. Nilikwenda, nikatoa rambirambi, nikatoa na sebule yangu walale shangazi za marehemu waliotoka Kishapu. Mtu muungwana kabisa. Tatizo ni kwamba siku ya mazishi iliangukia siku ambayo timu ya Afrika ilikuwa inacheza na Wazungu, kombe kubwa, saa kumi alasiri. Kuwasha televisheni mbele ya shangazi waliojifunga khanga viunoni haiwezekani. Kufungua redio mtaa mzima ukiwa kimya haiwezekani. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu, na niliufanya kwa heshima, naapa: niliingia sebuleni nikijifanya natafuta miwani, nikawasha risiva na redio, nikachomeka kisanduku, nikavifunika vyote kwa kitambaa cha kufuma, nikatoka uani na hedifoni ndani ya koti. Nikakaa juu ya ndoo nyuma ya banda la kuku. Dakika kumi tu, nikajiambia, kisha narudi msibani.

Dakika kumi zikawa arobaini.

Huko upande wa pili wa uzio, kama nilivyokuja kusimuliwa, katekista alikuwa amemaliza sala na kusema, "Tukae kimya, kila mtu amkumbuke marehemu kwa namna yake." Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Mimi masikioni nasikia mtangazaji anapandisha sauti, mpira unapigwa krosi, kichwa, nyavuni! Niliruka kutoka kwenye ile ndoo, mikono juu, kichwa kikatokeza juu ya minyaa, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Tumewazikaaa! Leo tumewazika!"

Nilipofumbua macho nikaona macho mia nne. Mzee Lushinge, kaka wa marehemu, mdomo wake ulikuwa unacheza ila mimi nasikia mpira tu. Nilimwona pia Mama Kulwa katikati ya wanawake, ameshika mdomo.

Mwanaume mwenye akili angeomba radhi palepale. Mimi nilizishusha hedifoni shingoni, nikapiga magoti na kuanza kulia. "Mzee Ng'wandu! Tunakuzika kweli? Umeniachia nani, jirani yangu!"

Na wakaamini! Vijana wawili waliruka uzio wakanishika makwapani. Bibi mmoja akashangaa kwa Kisukuma, "Yaya, kumbe walikuwa wanapendana, ugomvi ulikuwa wa mdomoni tu." Nikabebwa mpaka karibu na jeneza, nikapewa kiti na maji ya kunywa. Mzee Lushinge akaniinamia.

"Pole, bhabha. Na hiki shingoni ni nini?"

"Ni... dawa, mzee. Masikio yananisumbua."

"Pole sana. Basi sema neno moja kwa niaba ya majirani."

Hapo nilipaswa kusema mawili na kukaa. Lakini nilipoona watu wanafuta machozi kwa ajili yangu nikanogewa. Nikasema marehemu alikuwa baba yangu wa pili, hatujawahi kukwaruzana hata siku moja (Mama Kulwa akatazama chini), na kwamba tangu asubuhi nimejificha nyuma ya nyumba nikimlilia peke yangu, sikula, sikunywa, sikutaka kusikia sauti yoyote ya dunia hii.

Wakati huohuo shangazi mmoja aliyebaki sebuleni kwangu akatafuta mahali pa kuweka chupa ya chai. Akaona kile kitambaa, akakivuta, akavuta na waya wa kisanduku. Mnajua waya ukichomoka spika zinafanya nini. Mtangazaji akanguruma kwa Kiswahili fasaha, mtaa mzima ukasikia: "...na mashabiki wa Afrika bado hawaamini kilichotokea dakika ya arobaini!"

Mzee Lushinge akaitazama nyumba yangu, akanitazama mimi, akanyoosha mkono akazivua hedifoni shingoni mwangu taratibu, kama anamvua mtu tai.

"Hii ndiyo dawa ya masikio?"

"Ndiyo, mzee. Yaani, hapana. Shikamoo."

"Keti. Tumzike kwanza ndugu yangu."

Jioni wazee walikaa. Hawakunipiga, hawakunitukana. Waliamua tu kwamba mtu mwenye vipuri vingi hivyo vya baiskeli atachota maji ya msiba mpaka matanga yaishe. Siku tatu nilisukuma baiskeli yenye madumu manne kutoka kisimani, na kila nilipopita watoto walinyoosha mikono juu wakiimba, "Tumewazika!"

Siku ya tatu nilipokuwa namimina maji, mjane, Mama Ng'wandu, akaja akasimama karibu. Nikaweka dumu chini, nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba unisamehe. Nilikosa, kisha nikadanganya mbele ya mwili wa mzee."

"Marahaba," akasema. "Baba Kulwa, hivi lile goli lilihesabiwa?"

Nikakohoa. "Hapana, mama. Lilikataliwa. Mfungaji alikuwa ameotea."

Aliniangalia, kisha akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza upya. Kumbe anacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, shangazi wakakimbilia kuona kuna nini, naye anashindwa kueleza, ananyoosha kidole kwangu tu.

Tangu siku ile kukiwa na msiba mtaani mimi nafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, masikio wazi, na kama kuna mechi nasubiri matokeo ya kuambiwa, tena nikishaambiwa nauliza kwanza: refa amekubali?