Jino Lililoninyima Vigelegele

Asubuhi ya siku ambayo wakwe walikuwa wanakuja kumposa mdogo wangu, niliamka na shavu limevimba kama nimeficha ndani yake kipande cha muhogo. Nilijitazama kwenye kioo nikaanza kucheka, kucheka kukauma, na kule kuuma kukanichekesha zaidi. Watu wengine wakipatwa na jambo hulia. Mimi nacheka, hata msibani, na mama amechoka kunipiga viwiko.

Ila jambo lenyewe lilikuwa zito. Katika ukoo wetu hapa Kasongo, wakwe hawafunguliwi mlango hivi hivi. Wanapiga hodi, na dada mkubwa wa binti anawajibu kutoka ndani. Anawauliza wamepotea njia ama vipi, anawatania, anawaimbisha. Roho yake ikiridhika anapiga vigelegele, ndipo mlango unafunguliwa. Wakati huo hakuna mwingine ndani anayeruhusiwa kutoa sauti. Vigelegele visiposikika, wakwe wamekataliwa, wanarudi kwao.

Dada mkubwa ni mimi. Na vigelegele vyangu, sijisifu (sawa, najisifu), vinafika mpaka mtaa wa pili. Wakwe wenyewe walikuwa wanatoka Kabambare kwa pikipiki, kwenye tope linalomeza magurudumu, na mchumba alikuwa ameacha shimo lake la dhahabu kule Salamabila. Watu waliosafiri hivyo huwezi kuwaambia warudi wiki ijayo.

Gego lililonivimbisha shavu lilianza kuniuma tangu mahindi mabichi yaonekane sokoni. Nililitia karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikalibembeleza kama mtoto. Kwa daktari wa meno, aa, huko sikutaka kwenda. Nilikuwa nimesikia habari za koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kuchoma matofali.

Asubuhi hiyo mama akanishika mkono, akanipeleka. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, kijana, mwenye vidole vyepesi kama vya msusi. Akanimulika kinywani, akaguna.

"Yaya," akaniita, kama dada yake mkubwa, "unasafishaka meno ya mbele tu?"

Ningejibu nini na kioo chake kiko kwenye ulimi wangu? Ilikuwa kweli tupu. Kila asubuhi nilisugua yale yanayoonekana kwenye picha, kwa nguvu zote, mpaka yakang'aa. Ya nyuma nilidhani yatajitunza yenyewe.

"Uko kama mutu mwenye kufunga mulango ya mbele na kuacha ya nyuma wazi," akasema. "Mwizi ameisha kuingia. Hii jino tunaitosha leo, tunaing'oa."

Alinichoma sindano, ufizi ukafa ganzi, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Nilifumba macho nianze kuomba. Sijafika hata kwenye amina, jino lilikuwa kwenye sahani ya chuma, limetoboka na kuwa jeusi, na mimi sijasikia maumivu yoyote! Furaha ilinijaa mpaka nikataka kumbeba yule daktari mgongoni. Miezi yote ile nimeogopa nini?

Akaniwekea pamba, akaniambia niibane. Nisiteme mate, nisinywe chai ya moto, nisisukutue mpaka kesho. Tangu sasa nipige mswaki na usiku kabla ya kulala, mpaka nyuma kabisa, na ulimi pia. Nikipona nirudi anitoe ugaga.

"Na usiseme kabisa. Damu inaganda pale, ndiyo inafunga kidonda. Ukiisumbua, itaanza tena kutoka."

Mama akauliza kwa niaba yangu, "Na vigelegele?"

"Vigelegele?" Daktari akashika kiuno. "Mama, leo hapana! Hata kimoja!"

Tulirudi nyumbani, mama amenuna, mimi napepesuka kwa kicheko cha puani. Shangazi alipoambiwa, alikataa katakata mtu mwingine kushika nafasi yangu. Wa kufungua ni dada, basi. Tukakaa ndani. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa kitenge kipya gubigubi.

Pikipiki zikasikika, kisha hodi. Hodi tena. Pamba imelowa mate, mimi nimeing'ata. Nikaona bora niwape ishara kwamba tupo, nikachukua mwiko nikagonga sufuria.

Kumbe hapo ndipo niliharibu.

"Musikie!" sauti ya mzee wao ikasema nje. "Wanapiga sufuria iko tupu. Wanasema hatukuleta kitu! Leteni mbuzi ku mulango, asikike!"

Mbuzi akaletwa akalia. Nikagonga kwa pupa, maana yake hapana, siyo hivyo. Wakaongeza kuku. Wakaimba nyimbo za Kibangubangu, lugha ya kwao, wakatusifu sisi na mababu zetu, wakapiga makofi mpaka vumbi la dari likatuangukia. Mama alikuwa amejifungia kanga mdomoni, mabega yanaruka kwa kicheko. Shangazi naye, mwanamke mkali yule, alikuwa amelala chini anashika tumbo. Hakuna posa niliyoisimamia kwa ukali kama ile, na sikusema neno.

Halafu nyimbo zikakatika. Wale watu walikuwa wamechoka.

"Basi," mzee akasema taratibu. "Wametukataa. Tufunge mizigo, twende."

Kicheko kiliniisha mwilini. Nikasikia pikipiki inawashwa. Nikainuka nifungue mlango kwa mkono, shangazi akanishika kanga. Mwiko huo! Nililaani mwiko huo na kila hindi nililowahi kutafuna.

Ndipo mchumba, ambaye kwa desturi hatakiwi kusema chochote mpaka aingie, akasema karibu kabisa na mbao za mlango:

"Mwende ninyi. Miye siende. Nitabakia hapa mpaka mwenyewe afungue."

Kitenge kikatikisika kwenye mkeka. Kisha kikatoka kigelegele chini yake, chembamba, kimepinda, kinakatika katikati kama cha mtoto anayejifunza. Hakuna aliyewahi kusikia binti akijipigia mwenyewe. Mama akaacha kanga ikaanguka.

Nje, pikipiki ikazimwa.

"Ni nani huyo amepiga?" mzee akauliza.

Mdogo wangu alikuwa amesimama, amevua kitenge, uso umelowa machozi na anacheka. Alinipita mimi na shangazi, akashika komeo.

"Ni miye," akasema. "Ingieni."