Ndagala Yetu na Mupiga Picha ya Ndege

Nikisikia harufu ya ndagala, samaki badogo ba ziwa letu, ikikauka kwenye muchanga hapa Baraka, roho inachemka, na uzee wangu huu wote. Ya kule rasi ya Ubwari inanukia vingine, lakini tuache hiyo. Nilikuwa binti mudogo, kazi yangu kufukuza ndege. Mama alianika ndagala yetu ya kula siku ile, akaenda kutafuta kuni. Bwana mumoja mwenye kupiga picha akaniambia: «Mutoto, ikala chini. Acha ndege bakule.» Mukubwa amesema, nikaikala. Bale ndege ba miguu mirefu bakamaliza yote, yule bwana analala tumbo, anapiga picha tu. Mama akarudi, akakuta muchanga mutupu.

Yule bwana akamuambia: «Mama, picha iko muzuri sana!»

Mama akamuwekea sufuria mbele. «Haya baba, tia picha humu, tupike.»

Unajua alifanya nini? Akapiga sufuria picha.