Mjerumani wa Kale wa Nyakasimbi

Harufu ya rubisi, ile pombe ya ndizi inapoanza kuchachuka, bado hunirudisha Nyakasimbi miaka ya hamsini, na kila mara hunirudisha nikiwa na hasira. Mwaka ule Tata, baba yangu, alikuwa ameacha kuinywa. Alikuwa amebomoa hata kibanda cha mizimu kule nyuma ya migomba, kwa sababu alitaka abatizwe Pasaka, aingie kanisani pamoja na Mama aliyemtangulia kubatizwa. Lililomuuma zaidi ni kuacha majigambo, yale ya kusimama na mkuki mbele ya wakubwa na kutaja ushujaa wako na wa baba zako karibu kwa pumzi moja.

Basi mwalimu wetu, Mhaya kutoka Muleba, akatufundisha habari za Wazungu wa kale. Wakelti, Wajerumani, watu wa kaskazini kwenye barafu, wote alisema wana chimbuko moja: walikuwa na mungu wa radi, waliabudu misituni, walizika shujaa na silaha zake, na karamuni walisimama mbele ya mkubwa wao wakajigamba. Jioni nilimsimulia Tata. “Huyo wa radi si Mugasha?” akashangaa. “Hapa ni huyo, Bukoba ni huyo, Ankole ni huyo. Kumbe hata kwao!”

Mwalimu naye alilipenda somo lake kupita kiasi. Akatunga mchezo wa kufunga shule, na wavulana walipojigamba kama wanaosoma katekisimu, akaja nyumbani kumwomba Tata acheze yeye.

“Mwalimu, hili halitanizuia ubatizo?”

“Mzee wangu, huyo ni Mjerumani wa kale. Nani atakuzuia?”

Wakamvika ngozi ya mbuzi. Alianza kwa Kiswahili, kama alivyoandikiwa, jina la Kijerumani likimkwama kooni. Kisha mkuki ukamkaa mkononi, akahamia Kinyambo, lugha yetu, na Mjerumani akaishia hapo. Alimtaja baba yake na babu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, Mama akaziba uso. Mchungaji, aliyekuwa akipiga makofi, akaacha. Jumapili iliyofuata Tata aliambiwa hatabatizwa. Majigambo ya wapagani wa Ulaya yalikuwa elimu, yake yalikuwa dhambi! Na mwalimu aliyetufundisha jinsi watu wa mbali wanavyofanana aliangalia viatu vyake tu. Sijamsamehe mpaka leo. Tata hakwenda tena kuomba ubatizo. Tulimzika kwenye migomba, bila kengele, na Mama amelala peke yake kwenye makaburi ya kanisa.

Juzi nilialikwa harusi Ihanda. Vijana wa kukodi wenye mikuki ya mbao walijigamba ukumbini, maneno yenyewe nusu wameyasahau, na mchungaji wa siku hizi akapiga makofi mpaka mwisho, akasema utamaduni wetu ni zawadi ya Mungu. Nikamuuliza Mungu alianza lini kusikia Kinyambo. Alicheka sana, akidhani bibi anatania.