Viboko Wapo

Wajukuu wangu wakitaka kucheka, huniambia, "Ayeeyo, hebu sema viboko." Nami husema kama ulimi wangu unavyoweza: fiboko. Basi wanaanguka. Nawaacha wacheke. Hawajui kwamba neno hilo nililibeba siku nne mdomoni kama kaa la moto, na nusura limuue kaka yangu.

Kusoma nimesoma ukubwani, ngumbaru, miaka miwili tu. Lakini kichwa changu hushika majina. Ngamia wa baba yangu naweza kuwataja mpaka leo, jike kwa jike, pamoja na mama zao. Watu vilevile. Hapa sitamtaja hata mmoja, na sababu mtaiona wenyewe.

Ilikuwa wakati wa shifta, waasi waliopigana na serikali kule kaskazini mwa Kenya. Asili yetu ni upande wa Hadado, lakini vita vilitusukuma mpaka Garissa, tukatiwa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Kutoka ni kwa cheti, kuingia ni kwa cheti. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, mimba yangu ya kwanza imeharibika, na kazi yangu kufua mashuka ya hospitali. Hapo ndipo nilipookota Kiswahili: nusu cha beseni na sabuni, nusu cha askari. Cha askari kilikuwa kifupi. Simama. Kaa chini. Cheti. Kiboko. Kiboko kilikuwa ule mjeledi wa ngozi uliokaa mkononi mwa koplo wa getini. Nilidhani neno hilo lina maana hiyo moja tu.

Kaka yangu hakuwa ndani ya seng'enge. Alibaki nje na ngamia, akapigwa risasi ya paja, akajificha katika bonde moja, mwendo wa asubuhi kutoka kwetu. Wanawake waliotoka kuokota kuni ndio waliompelekea maji na maziwa. Wakati ule mwanamume akionekana porini ni shifta, hakuna swali la pili. Koplo alikwisha kuniuliza mara tatu, "Kaka yako yuko wapi?" Mara tatu nilisema amekufa, Mungu anisamehe.

Hospitalini palikuwa na nesi mmoja, mama wa makamo, kwao ni kule mto Tana unakoingia baharini. Mikono yake laini, ulimi wake mkali. Mimba yangu ilipotoka yeye ndiye aliyenishika. Nilimwita abaayo, yaani dada, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Alipopewa likizo ya siku nne, akaniombea cheti bila kuniuliza.

"Unakuja kwetu," akasema. "Mimi kila mwaka nakwenda kuangalia ndege na wanyama wa pale mdomoni mwa mto. Basi, kuangalia tu. Macho yangu yameona vidonda vya kutosha, na yako pia."

Nilishangaa. Kwetu mtu anaangalia mnyama wake asipotee, au fisi asimle. Kwenda safari kuangalia ndege wa wenyewe! Lakini mume wangu akasema nenda, upate hewa.

Tulisafiri na msafara wa malori, askari mbele, askari nyuma. Tulifika kwao jua linaelekea kuzama. Mama yake alitupokea kwa wali wa nazi na samaki. Mimi samaki nilikuwa sijawahi kumtia mdomoni.

"Kula, mwanangu," mama huyo mzee akasema. "Huyu ameshakufa, hakuumi."

"Macho yake inaangalia mimi," nikasema.

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mimba kutoka. Ndipo nesi, huku akinawa mikono, akasema lile jambo.

"Kesho alfajiri nitakupeleka kwa mtumbwi uone viboko. Wapo wengi huko, na watoto wao."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Kumbe ndiyo maana ya cheti cha haraka. Kumbe serikali ina mahali huku chini, mbali na watu, wanakowapiga wanaume wetu mbele ya watoto wao, na mimi naletwa nitazame mpaka niseme alipo kaka yangu. Sikulala. Nilihesabu tasbihi kwa vidole mpaka majogoo.

Asubuhi tulipanda mtumbwi, yeye nyuma anapiga kafi, mimi mbele nimejikunyata. Maji yalikuwa yamekupwa. Matope yalikuwa yanang'aa, na juu yake ndege wa miguu mirefu walidonoa huku na huku, weupe na wa kijivu. Sikuona uzuri. Tulipoikaribia kona ya mikoko nikasikia mguno mzito, kama mtu anayezuia kilio kifuani. Nikajua ndio wanaopigwa.

Nikageuka nikamshika magoti.

"Abaayo, tafadhali! Ndugu yangu si shifta! Iko kwa bonde ya miti ya migunga, chini ya jiwe nyeusi, mguu yake imeoza. Usibeleke yeye kwa fiboko. Jina yake..." Na jina nikalitaja, na la baba, na la babu.

Kafi lilisimama.

"Viboko gani, mwari?"

Nikamwonyesha kwa mkono, hivi, mjeledi unavyoshuka.

Mtumbwi ulizunguka kona wenyewe. Na pale, katikati ya maji ya rangi ya chai, vichwa vilikuwa vimejaa: masikio madogo, pua zinapuliza maji, na mtoto mmoja amelala juu ya mgongo wa mama yake. Jeer! Hata hapo Garissa nilikuwa nimeona pua zao mtoni. Lakini kwamba Waswahili humwita jeer kwa jina la mjeledi, nani angeniambia?

Nesi alianza kucheka, kisha akajiziba mdomo. Akanieleza polepole kwamba mjeledi ule ulikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyu ndiyo maana ukachukua jina lake. "Sikiliza," akasema. "Mjeledi ni kitu. Viboko vya askari, utasema vipo. Hawa wana roho. Utasema wapo. Jana nilisema wapo."

Wapo, vipo. Katika lugha yangu hakuna kitu kama hicho. Kaka yangu nilikuwa nimemtoa kwa sababu ya silabi moja.

Kisha akauliza, "Kidonda kina harufu?"

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipoanza. Anayeuliza ni nesi, au ni serikali? Alikula mshahara wa serikali. Wodi yake ililaza askari pia.

Alasiri ile tulikwenda tena, na siku ya tatu asubuhi na alasiri. Alikuwa na daftari. Akiona kitu ananiuliza, "Nyinyi mnamwitaje huyu?" Nami namwambia, naye anaandika. Mimi wakati ule sikujua hata alifu ya Kizungu. Nilitazama kalamu ikitambaa na kuwaza: hapo ameandika ndege, au ameandika jina la kaka yangu? Aliponionyesha ndege mnene mwenye mfuko chini ya mdomo akasema, "Huyu naye ni mwari, kama ninavyokuita wewe. Mwangalie, hata samaki haogopi." Nilicheka kwa midomo tu.

Lakini nitasema ukweli. Kuna alasiri moja yule mtoto wa jeer aliteleza kutoka mgongoni mwa mama, akazama, na mama akazama, na maji yakanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha mtoto akaibuka kwanza, kisha mama chini yake, amembeba tena. Nesi alinishika bega. Nilitamani kumwamini mpaka kifua kikauma.

Siku ya nne tulirudi. Getini koplo alikuwa palepale. Akatazama cheti, akanitazama mimi, akamwambia nesi, "Huyu kaka yake tunamtafuta. Hakukuambia kitu huko?"

"Aliniambia majina mengi," nesi akasema, na akamkabidhi daftari.

Koplo alilamba kidole, akafungua, akasoma kwa sauti kama anaita watu foleni. "Jeer. Yahaas. Gorgor. Tuke. Hawa ni kina nani?"

"Kiboko, mamba, tai, kunguru."

"Huyu Gorgor si mzee wa watu?"

"Ana upara, afande, lakini ni ndege."

Askari wenzake walicheka. Alifungua kurasa zote, moja moja, mpaka ya mwisho. Jina la kaka yangu halikuwemo. Wala la baba, wala la babu.

Koplo akanigeuzia mimi hasira yake. "Na wewe, ulienda kuona nini?"

"Fiboko," nikasema.

Akaupiga mjeledi kwenye buti. "Viboko hata hapa vipo."

Nilisikia ile vi. Niliisikia wazi kama kengele ya ngamia. "Si hifyo, afande," nikasema. "Ile ingine. Ile wabo."

Hakuelewa. Nesi alielewa, akainamisha kichwa akajifanya anafunga mkoba.

Kesho yake, katika rundo la mashuka machafu ya wodi ya nesi, nilikuta kifurushi: bandeji, unga wa dawa, na chupa ndogo ya aidini iliyofungwa kwa kitambaa. Kifurushi kilitoka getini ndani ya kamba za kuni, kwa mkono wa mwanamke mwingine ambaye jina lake pia ninalo.

Kaka yangu aliishi. Alichechemea mpaka uzeeni, na kila akisimulia kidonda chake alisema, "Aliyeniponya simjui hata jina." Mimi nilimtajia. Alilirudia mara mbili tatu, polepole, p ikawa b, kisha akaliingiza katika dua yake ya Ijumaa.