Moshi ya Mawese

Ule mwaka tulikulaka bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, bila mafuta. Mpaka leo, mujukuu wangu akiunguza mawese mu jikoni, mi natoka inje.

Mama alikuwa na mimba. Alificha chupa moja ya mawese, ya kula akisha kuzaa. Ikapotea.

Asubuhi moja uchungu ikamushika. Tata, baba yetu, akawasha motokari yake: moshi ya bluu, harufu ya mikate ya kukaanga. Fundi jirani akanusa, akacheka: "Tata, mulikosa mafuta ya motere, mukaitilia mawese ya sombe!"

Mama akamuangalia tata. "Mi siingii mule."

Tukatembea naye kwa miguu mpaka maternite, hospitali ya kuzalia. Mutoto akazaliwa, hakulia, bauguzi bakamufunika mpaka uso.

Mangaribi tata akatufuata na ile motokari, akafungua mulango. "Mama batoto, panda."

"Mi siingii mule."