Barua ya Mama Yenye Wino Mwekundu

Nilipostaafu uhariri wa vitabu nikarudi kijijini kwetu Isansa, mkutubi wa chuo alikuja kuchukua makaratasi yangu yakahifadhiwe. Katikati ya miswada akakuta barua iliyojaa wino mwekundu.

"Mzee, huyu naye ni mwandishi wako?"

"Hapana. Ni mama yangu."

Mama alikulia kwenye Kinyiha, Kiswahili alijifunza ukubwani. Aliandika, "Kahawa limechanua, njoo uone." Mimi nikakata neno, nikaandika juu yake "imechanua". Sikumbuki kama nilimjibu. Ninachojua ni kwamba sikuja, mpaka siku ya kumzika.

Mkutubi alibeba maboksi yote, barua hiyo nikabaki nayo. Alipoondoka niliisoma kwa sauti, vilevile alivyoiandika mama, peke yangu sebuleni.