Kaka, Unapaka Nini?

Niliajiriwa kwa sababu ya ngozi yangu. Siku hiyo nilikuwa nimekuja na fundi wa aluminiamu kufunga makabati ya vioo kwenye duka la vipodozi, Singida Mjini. Kazi yangu ilikuwa kushika kioo kisianguke. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa ushungi wa rangi ya maziwa, hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Kijana, unapaka nini?"

"Shikamoo mama. Sipaki kitu."

"Marahaba. Usinidanganye, nimo kwenye biashara hii tangu hujazaliwa. Upepo wa hapa unapausha hata mbuzi."

Nikafikiri. Msimu mzima uliopita nilikuwa Kiomboi, kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikimimina mbegu na kuzoa mashudu. Kule mafuta yanaingia mpaka masikioni. Jioni tulikuwa tunajipangusa kwa viganja tu, tunaenda kulala.

"Labda ni alizeti," nikasema.

Alicheka mpaka fundi akageuka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia niliacha shule kidato cha pili, lakini kusoma nasoma, hata gazeti lililofungiwa maandazi silitupi kabla sijalimaliza. Jumatatu yake nikaanza kazi.

Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi, chupa moja moja, na kufika saa nne vumbi lilikuwa limerudi. Wasichana waliingia kunusa manukato ya kujaribia na kutoka wananukia bila kununua kitu. Wengine walileta kopo tupu lililofutika maandishi: "Nipe kama hii." Mimi nilipenda kusoma makopo. Nilikuwa na daftari nililoandikia vilivyomo ndani ya kila losheni, nikiuliza maana kwenye simu. Siku moja niligundua kwamba makopo matatu ya bei tatu tofauti yote yanaanza na kitu kimoja, maji. Nikamwonyesha bosi.

"Hata soda ni maji," akasema. "Panga rafu."

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuulizwa. Wateja walikuwa wananitazama, wanasogea, wanashusha sauti: "Kaka, unapaka nini?" Bosi alikuwa amenifundisha jibu siku ya kwanza. Niinue kopo la njano, losheni iliyokuwa hainunuliki, niseme, "Hii hapa." Basi. Nilisema hivyo mara nyingi sana, na makopo ya njano yakaanza kuisha.

Kisha akaja mwalimu wa chekechea. Alikuwa na madoa meusi mashavuni, mawili makubwa, yaliyobaki baada ya krimu fulani aliyopewa na rafiki yake. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ilikuwa imebaki wiki sita. Hakuuliza kwa utani kama wengine.

"Mimi sitaki maneno ya biashara," aliniambia. "Nitakaa mbele ya wakwe, wapiga picha wote wananimulika. Niambie kama unamwambia dada yako. Unapaka nini?"

Bosi alikuwa nyuma yangu. Nikainua kopo la njano.

Alirudi baada ya wiki mbili. Madoa yalikuwa palepale. "Mbona kwangu haifanyi kama kwako? Wewe unapaka mara ngapi?" Nikasema asubuhi na jioni. Alipotoka nilikaa nimeshika lile kopo, sijielewi. Sikuwa hata najua linanukiaje. Nikaona kuna njia moja ya kuufanya uongo wangu usiwe uongo, yaani niipake kweli. Usiku huohuo nikaanza, asubuhi na jioni kama nilivyosema.

Siku ya kumi paji la uso wangu lilikuwa kama ganda la fenesi.

Bosi aliingia, akavua miwani, akavaa tena. "Umeufanya nini uso wangu?"

"Nimeupaka losheni, mama. Ile ya njano."

"Nani kakutuma uipake?"

"Si ulisema niseme naipaka?"

"Nilisema useme! Sikusema upake!"

Tukatazamana. Nadhani hata yeye alisikia alichokisema, maana aligeuka akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ndipo mwalimu akaingia. Alimsalimu bosi shikamoo, akanigeukia, na akasimama hapohapo mlangoni.

"Na wewe imekufanya hivyo?"

Siku za sendofu zilikuwa zimebaki kumi na nane. Nilijua kwa sababu alikuwa ananitajia kila akija. Nikamwambia yote mbele ya bosi. Kwamba sikuwahi kuipaka kabla, kwamba nilikuwa kwenye mashine ya alizeti msimu mzima, na kwamba aache hiyo losheni leo.

Nilitegemea anitukane. Badala yake aliniuliza, "Kwa hiyo ni alizeti?"

"Sijui. Labda."

"Labda ya nini? Nina siku kumi na nane, kaka."

"Wenzangu pale mashineni nao walikuwa wanapata mafuta," nikasema, na nikawa nawakumbuka mmoja mmoja huku naongea. Mmoja alikuwa na ngozi nzuri. Mwingine alikuwa na mba. "Kusema kweli sijui."

Akanitazama kwa hasira sasa. "Unacho unachopaka, umekificha. Una wateja wako unaowapa."

Akaondoka. Bosi hakunifukuza, wala hakunisamehe. Alisema, "Nenda kwenu. Uso ukirudi, na wewe rudi."

Nikaenda Kinampanda kwa mama. Sikupaka kitu. Nilimuuliza mama kama ngozi yangu ni ya kwake, akasema ni ya baba, na shangazi akasema baba alikuwa na chunusi mpaka anaoa. Vipele vikaisha vyenyewe. Siku ya sendofu nilikuwa shambani, nikawaza mashavu ya mwalimu siku nzima.

Mwezi mmoja baadaye bosi akapiga simu. "Uso umerudi?" Nikajishika paji la uso, nikasema umerudi. Niliposhuka stendi Singida Mjini nikapita sokoni, na mtu wa kwanza niliyemwona kwenye nyanya ni mwalimu, na pete kidoleni. Mashavu yake yalikuwa safi. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna doa.

"Dada," nikasema, nikashusha sauti kama wateja wangu, "unapaka nini?"

Alicheka muda mrefu. "Ile yako ya njano. Sikuacha hata siku moja."

"Kweli?"

"Si ndiyo uliyoniambia?" Akachukua nyanya zake, akaenda. Sikujua kama ananieleza kilichotokea au ananirudishia uongo wangu. Mpaka leo sijui. Nilitaka kumkimbilia nimuulize, lakini ningejuaje kama jibu la pili ni la kweli?

Dukani bosi alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, akaridhika. Hata sijaweka begi chini, akaingia msichana mmoja, akanitazama, akasogea.

"Kaka, unapaka nini?"

Kopo la njano lilikuwa kwenye rafu, upande wangu wa kulia. Bosi alikuwa nyuma.

"Sijui," nikasema.

Msichana akatabasamu kama mtu anayefichwa kitu. Akanipita, akamwendea bosi. "Mama, shikamoo. Huyu kaka anakataa kusema. Hebu niambie wewe."

Nikageuka haraka nimtazame bosi, maana na mimi nilitaka kusikia.